Dawa ileile, mkono uleule

Juu ya kifundo cha mkono wangu wa kulia, upande wa kidole gumba, kuna doa jeupe linalolingana na kifungo cha shati. Ngozi ya hapo imebonyea kidogo na imekuwa nyepesi, ukiitazama kwa karibu unaona mshipa. Wateja wakija kuchukua nguo zao hulitazama, na wenye ujasiri huuliza: "Fundi, uliungua?" Sikuungua. Nilichomwa sindano ya steroidi, na sindano hiyo ndiyo iliyonirudishia mkono.

Juu zaidi kwenye mkono huohuo, kiwikoni, nilichomwa nyingine mwaka mmoja baadaye. Hiyo haikuacha alama yoyote, lakini iliniponza karibu mwaka mzima.

Mafundi wenzangu wananiuliza sana habari za sindano hizi, maana kazi yetu inakula mikono, na kila mmoja anataka jibu fupi: zinafaa au hazifai? Jibu la namna hiyo sina. Nililonalo ni la mahali: hapa zinafaa, pale hazifai. Dawa ni moja, lakini ugonjwa wa kidole gumba si ugonjwa wa kiwiko, wala ugonjwa wa kiwiko si ugonjwa wa goti. Hili nililijua kwa kuumia, na ningependa wewe ulijue kwa kusoma.

Ilianza na mkasi. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nakata jinzi na turubai, vitambaa vizito, na mkasi wangu ni wa chuma kitupu, wa inchi kumi. Kidole gumba ndicho kinachoubeba. Mwanzoni nilihisi kichomo kila nilipoufungua, si nilipoufunga. Baadaye kikanifuata nje ya kazi: kugeuza ufunguo mlangoni, kukamua kitambaa, kupandisha zipu. Ikafika mahali nikawa nafungua kitasa kwa mkono wa kushoto na kushika kalamu kwa vidole vitatu vya katikati.

Daktari hakuhitaji picha wala vipimo vya damu. Alisema, "Fumba ngumi, kidole gumba kiwe ndani." Kisha akaushika mkono wangu na kuuinamisha taratibu upande wa kidole cha mwisho. Nilipiga ukelele. "Basi, basi, imetosha," akasema, akauachia.

Ugonjwa huo unaitwa wa De Quervain, kwa jina la Fritz de Quervain, daktari mpasuaji wa Uswisi aliyeueleza mwaka 1895. Huwapata sana akina mama wenye watoto wachanga, kwa sababu ya kumnyanyua mtoto kwa kumshika kwapani huku vidole gumba vimetanuka. Huwapata pia watu wa kazi kama yangu. Kano mbili zinazokivuta kidole gumba hupita kwenye njia nyembamba juu ya mfupa, kama lastiki inavyopita ndani ya upindo wa kiuno cha sketi. Kila fundi anajua kinachotokea upindo ukibana: lastiki inakwama, inajikunja, ukiivuta kwa nguvu nyuzi zinaanza kuachia. Kwangu mimi lastiki ilikuwa nzima. Upindo ndio uliokuwa umenenepa na kuzibana kano zisipite.

Naomba ukumbuke huo upindo. Nitaurudia.

Nilivaa gango la kidole gumba wiki nne, nikameza vidonge vya kupunguza maumivu, nikapumzisha mkasi. Nafuu ilikuja kidogo, ikaondoka siku niliyorudi kazini. Ndipo daktari akanitajia sindano.

Sikuipokea kwa furaha. Neno "steroidi" nilikuwa nikilisikia kwa watu wanaojaza misuli, nikadhani nitaota ndevu. Akanieleza kwamba hizo ni familia nyingine. Za kujaza misuli zinafuata homoni ya kiume. Za kwenye sindano hii, kotikosteroidi, zinafuata kotisoli, homoni ambayo mwili wenyewe huitengeneza kila siku kwenye tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo. Ni homoni inayouambia mwili upunguze moto: uvimbe, joto, wekundu, yale yote ambayo mwili huyaanzisha unapojilinda na wakati mwingine hushindwa kuyazima.

Baadaye nilisoma historia yake, nikaona kwa nini madaktari wa zamani waliishangilia. Mwaka 1948, kwenye Kliniki ya Mayo huko Minnesota, Marekani, daktari Philip Hench na wenzake walimpa kotisoni, homoni ndugu ya kotisoli, mwanamke mmoja aliyekuwa na baridi yabisi kali, mtu aliyekuwa hawezi kujigeuza kitandani bila taabu. Siku chache tu baadaye alikuwa anatembea. Mwaka 1950 Hench alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Edward Kendall na Tadeus Reichstein, wanakemia walioichambua homoni hiyo. Shangwe haikudumu. Dawa hiyo ikitumika mwili mzima kwa muda mrefu inadai malipo yake: uso unavimba, mifupa inadhoofika, sukari inapanda, kinga inashuka. Mwaka 1951 Joseph Hollander wa Philadelphia akaandika habari za kuichoma ndani ya kiungo chenyewe kinachouma. Wazo ni la mtu mwenye akili ya kazi: kama pameungua chumba kimoja, kwa nini umwagie maji nyumba nzima?

Siku ya sindano nilikaa kwenye kiti, mkono umelazwa juu ya taulo lililokunjwa. Daktari akapangusa ngozi kwa dawa ya kuua vijidudu, akaacha ikauke yenyewe, akapangusa tena. Akanionyesha kichupa. Nilitarajia maji safi. Badala yake niliona kitu cheupe kilichotulia chini kama chokaa, na alipokitikisa kikachanganyika. "Ni chembechembe ndogo," akasema. "Haziyeyuki haraka, ndiyo maana dawa inakaa pale ilipowekwa kwa wiki kadhaa." Ilikuwa triamsinoloni. Akaichanganya na lidokaini, dawa ya ganzi, kwenye bomba moja dogo.

Sindano yenyewe ilikuwa nyembamba kuliko ile ninayotumia kutia vifungo. Kuchomwa hakukuniuma sana. Kilichouma ni kuingia kwa dawa: nilihisi kitu kinatanuka ndani ya upindo ule, kinausukuma kutoka ndani, kinateremka kuelekea kwenye kidole. Nilihesabu mpaka kumi na tano, ikawa imekwisha. Akabandika plasta.

Dakika tano baadaye nilichezesha kidole gumba, na hakikuuma. Nilitaka kumkumbatia. Akanizuia furaha hapohapo: "Hiyo ni ganzi. Itaisha baada ya saa moja au mbili, na usiku wa leo panaweza kuuma kuliko jana. Steroidi yenyewe haijaanza kazi."

Namshukuru mpaka leo kwa maneno hayo, kwa sababu usiku ule mkono ulipiga kama ngoma. Kifundo kizima kilikuwa cha moto. Kama asingeniambia, ningeamini nimeharibiwa. Hali hiyo huwapata baadhi ya watu kwa siku moja mpaka tatu, wakati tishu zinaposumbuliwa na zile chembechembe. Dawa yake ni barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika kumi au kumi na tano, na kupumzisha kiungo. Ikipita siku tatu, au ukipata homa, au pakawa pekundu na pa moto zaidi kila siku, usisubiri: hiyo inaweza kuwa maambukizi. Ni nadra sana, lakini yakiingia ndani ya kiungo hayangoji.

Uso wangu nao ulipata joto na wekundu kwa siku mbili, na usiku wa pili sikupata usingizi. Dawa hata ukiiweka mahali pamoja, kidogo hutoka na kuzunguka mwilini. Siku ya nne maumivu yalikuwa yamerudi kama ya kawaida. Siku ya sita, asubuhi, niligeuza ufunguo wa duka kwa mkono wa kulia, na mlango ukafunguka kabla sijakumbuka kwamba nilipaswa kuogopa. Nilisimama pale mlangoni nikaufunga tena. Nikaufungua. Nikaufunga. Nikaufungua.

Hizo siku za kusubiri zina sababu yake. Steroidi haizimi maumivu kama ganzi inavyoyazima. Inaingia ndani ya seli, inafika kwenye kiini chake, na kule inabadilisha maagizo: seli zipunguze kutengeneza prostaglandini na kemikali nyingine za kuita uvimbe, na chembe nyeupe za damu zisiendelee kujazana. Agizo jipya linachukua muda kuonekana, kama vile oda uliyosimamisha leo bado ina nguo zilizokwisha kukatwa.

Kidole gumba hicho hakijaniuma tena mpaka leo. Sindano moja. Watu wengi wenye ugonjwa huu hupata nafuu hivyo hivyo, na ugonjwa ulio ndugu yake, ule wa kidole kujikunja na kugoma kunyooka mpaka kipige "tak", nao huitikia vizuri, kwa sababu hiyohiyo: tatizo liko kwenye upindo. Punguza unene wa upindo, lastiki inapita.

Doa lilikuja baadaye, kama wiki ya saba. Kwanza nilidhani ni vumbi la chaki ya kuchorea nguo. Nikalisugua. Halikutoka. Likazidi kuwa jeupe na ngozi ikaanza kubonyea. Niliporudi kwa daktari alilitazama, akanyamaza kidogo, akasema: "Hili nilipaswa kukuambia, na sikukuambia. Nisamehe." Njia ile ya kano iko karibu sana na ngozi, na dawa ikivuja kidogo juu yake inaweza kula mafuta ya chini ya ngozi na kuondoa rangi. Kwa watu wenye ngozi nyeusi kama yangu ndipo linapoonekana zaidi. Mara nyingi rangi hurudi kidogokidogo, kwa miezi au hata mwaka na zaidi. Langu limepungua, lilikuwa kubwa kama sarafu.

Hata ningeambiwa mapema, ningeikubali sindano. Lakini ningeikubali nikijua, na mwili ni wangu. Daktari aliyekiri kosa lake amebaki kuwa daktari wangu.

Sasa kiwiko.

Mwaka uliofuata nilipata oda kubwa ya sare za shule, na baada ya wiki chache upande wa nje wa kiwiko cha kulia ulianza kuuma. Kushika pasi kuliuma. Kumpa mtu mkono kuliuma. Nilikuwa na tarehe ya kukabidhi kazi na nilikuwa na kumbukumbu ya ule mlango uliofunguka. Daktari wangu alikuwa safarini, nikaenda kwingine, mahali nisipopajua, na nikaingia na jibu langu mfukoni: "Naomba sindano ya steroidi. Nilishawahi kuchomwa, ilinisaidia sana."

Sikupimwa kwa kina. Sikuulizwa nafanya kazi gani. Dakika kumi baadaye nilikuwa nje na plasta.

Nilipona kama kwa muujiza. Hata ule usiku mbaya haukuja. Wiki moja tu, kiwiko kikawa kama cha msichana. Nikashona mchana na usiku, nikakata vitambaa tabaka nane kwa pamoja, nikakabidhi sare zote siku mbili kabla ya tarehe. Hayo maumivu yaliyonyamaza nilidhani ndiyo ugonjwa wenyewe uliokwisha. Wiki ya saba yakarudi, na hayakuwa yaleyale. Nilishindwa kunyanyua sufuria tupu. Usiku nilikuwa nalala mkono umewekwa juu ya mto kama mgeni.

Nilirudi kwa daktari wangu nikitaka ya pili. Akakataa. Nilikasirika, namwambia wazi hapa kama nilivyomwambia pale. Akasubiri nimalize, kisha akavuta karatasi akaandika upande mmoja "kidole gumba" na upande wa pili "kiwiko".

"Kule," akasema, "kano ilikuwa nzima, njia yake ndiyo iliyonenepa. Huku hakuna njia. Huku kano yenyewe imechakaa pale inaposhika mfupa. Nyuzi zake zimelegea na kuvurugika. Uvimbe wa kuzima hapo ni mdogo sana. Wewe ni fundi: kitambaa kikichanika begani kwa kuvutwa kila siku, ukikipiga pasi kinatazamika. Kimeshonwa?"

Hakijashonwa. Na mimi nilikuwa nimekivaa kitambaa hicho kilichopigwa pasi nikaenda nacho kubeba mizigo. Isitoshe, steroidi yenyewe hupunguza kasi ya nyuzi za kano kujijenga upya, na ikichomwa ndani ya kano yenyewe inaweza kuidhoofisha mpaka ikatike. Ndiyo sababu madaktari wengi hawataki kabisa kuigusa kano kubwa ya kisigino kwa sindano hii.

Kwamba haya si bahati yangu mbaya peke yangu nilikuja kulithibitisha. Mwaka 2013 watafiti wa Australia walichapisha utafiti wa watu 165 wenye kiwiko cha aina hii, ambacho watu hukiita kiwiko cha tenisi hata kama hujawahi kushika raketi. Baadhi walichomwa steroidi, wengine sindano isiyo na dawa. Baada ya mwaka mmoja, kati ya waliochomwa isiyo na dawa asilimia 96 walikuwa wamepona au kupata nafuu kubwa, na kati ya waliochomwa steroidi asilimia 83. Lakini namba iliyonikalisha chini ni ya kurudiwa na ugonjwa: 54 kwa mia kati ya waliochomwa steroidi, 12 kwa mia kati ya wengine. Soma tena. Watu waliochomwa sindano ambayo haikuwa na dawa yoyote waliishia pazuri kuliko mimi.

Wiki za mwanzo, steroidi hushinda. Hilo ndilo linalotudanganya. Sote tunaihukumu dawa kwa wiki za mwanzo, tunawapigia wenzetu simu tukiwa bado kwenye wiki za mwanzo.

Kiwiko kilipona kwa kazi ya polepole. Mtaalamu wa fiziotherapia alinipa chupa ya maji iliyojazwa robo. Unaweka mkono mezani, kiganja kinatazama chini, kifundo kinaning'inia nje ya ukingo. Unainua chupa kwa msaada wa mkono wa pili, kisha unaiteremsha kwa mkono mgonjwa peke yake, ukihesabu moja, mbili, tatu, nne. Mara kumi na tano, unapumzika, unarudia. Ilipokuwa rahisi, nikaongeza maji mpaka nusu. Ilinichukua miezi mitatu kufika chupa iliyojaa, na mingine sita kurudi kwenye kazi nzito bila woga. Nilijifunza pia kukata tabaka nne badala ya nane.

Goti la Mama sikulipanga kuliandika, lakini ndilo linaloulizwa zaidi kuliko yote.

Mama ana miaka 71, ana kisukari, na magoti yake gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa, imelika. Goti la kushoto lilipovimba likajaa maji, daktari alivuta maji kwanza, akayatazama kama ni safi, ndipo akachoma steroidi. Safari hii tuliulizwa kila kitu: dawa za kufanya damu iwe nyepesi anatumia? Ana kidonda au maambukizi popote? Kuna mpango wa upasuaji wa kuweka goti la bandia? Hilo la mwisho nililiuliza sababu yake, nikaambiwa kwamba sindano ikichomwa karibu na upasuaji, hasa ndani ya miezi mitatu, hatari ya goti jipya kupata maambukizi huongezeka.

Kisha akamgeukia Mama: "Mama, sukari itapanda. Usishtuke, lakini pima." Mama ana daftari lake, anaandika kwa mwandiko wa mtu aliyefundishwa na walimu wakali. Kawaida yake ya asubuhi ni saba, nane. Kesho yake aliandika 14. Siku ya tatu 15. Siku ya tano tisa. Siku ya saba akarudi kwenye nane, akapiga mstari chini yake mara mbili. Kama hatukuonywa tungekimbia hospitali usiku, au vibaya zaidi tusingepima kabisa. Kama una kisukari na hujaambiwa jambo hili kabla ya sindano, uliza wewe.

Goti lilitulia. Mama akapanda ngazi kwa mguu wa kushoto ukitangulia, kitu ambacho sikuwa nimekiona kwa miaka miwili. Nafuu ikadumu kama wiki tisa, ikaanza kufifia, naye akasema, "Mwanangu, nipeleke nikachomwe tena. Kila mwezi wanichome, shida iko wapi?"

Ningetamani jibu liwe "hakuna shida, Mama". Kumwona akishika ukuta kunaniuma kuliko kiwiko kilivyoniuma. Lakini nilishasoma utafiti wa Marekani wa mwaka 2017: watu 140 wenye magoti kama yake, nusu wakachomwa triamsinoloni kila wiki 12 kwa miaka miwili, nusu wakachomwa maji ya chumvi. Mwisho wa miaka miwili maumivu yalikuwa hayatofautiani, lakini gegedu za waliochomwa steroidi zilikuwa zimepungua zaidi. Na mwaka 2020 ukatoka mwingine wa watu 156, ukilinganisha sindano na fiziotherapia. Baada ya mwaka mmoja, wale wa fiziotherapia walikuwa na maumivu machache zaidi na viungo vyao vilifanya kazi vizuri zaidi kuliko wale wa sindano.

Nilimweleza Mama bila kumficha. Kwamba goti lake si upindo ulionenepa wala kano iliyochakaa, ni bawaba iliyolika, na sindano inaituliza ikiwa imechachamaa, lakini haiipaki chuma kipya. Kwamba madaktari wengi hawapendi kupita mara tatu au nne kwa mwaka kwenye kiungo kimoja, na huacha angalau miezi mitatu katikati. Alinisikiliza, akauliza swali moja: "Kwa hiyo ninunue nini kwa hizo wiki tisa?" Sijasikia mtu akiliuliza vizuri zaidi. Tukakubaliana: wiki tisa za nafuu ni za mazoezi. Anakaa kwenye kiti, ananyoosha mguu, anaukaza paja, anahesabu. Anasimama kutoka kwenye kiti bila kushika mikono ya kiti, mara nane asubuhi, mara nane jioni. Alichomwa mara moja tena baada ya miezi saba, goti lilipojaa maji tena. Hajaomba ya tatu.

Kuna jambo jingine ninalolibeba moyoni, la usafi. Mwaka 2012 huko Marekani dawa ya methilipredinisoloni, steroidi nyingine ya sindano, iliyotengenezwa kwenye mazingira machafu iliingia fangasi. Zaidi ya watu 750 waliugua, wengi wao kwa sindano walizochomwa karibu na uti wa mgongo, na zaidi ya 60 wakafa. Walikwenda kutuliza mgongo tu. Kwa hiyo nikiona mtu anakubali kuchomwa kiungo na yeyote mwenye bomba, kwenye chumba chochote, kwa kichupa ambacho hakukiona kikifunguliwa, moyo unanidunda. Mwambie akuonyeshe kichupa. Muulize jina la dawa uliandike. Na ya mgongoni usiichukulie kama ya kidole. Tangu mwaka 2014 mamlaka ya dawa ya Marekani imeonya kwamba steroidi zinazochomwa kwenye eneo linalozunguka uti wa mgongo zinaweza, kwa nadra, kuleta kupoteza uwezo wa kuona, kiharusi na kupooza. Hiyo inataka mtu aliyesomea kazi hiyo na mashine ya kumwonyesha ncha ya sindano ilipo.

Wiki tatu zilizopita kidole gumba cha kushoto kimeanza. Nimefumba ngumi, nimeinamisha mkono mwenyewe, na nimeujua ugonjwa kabla sijafika kwa daktari. Gango limejaribiwa. Jumanne nitachomwa, na nakwenda kwa moyo mweupe, kwa sababu hapo ni kwenye upindo. Nimeandika maswali mawili: je, tunaweza kutumia steroidi inayoyeyuka haraka zaidi, isiyokaa muda mrefu chini ya ngozi, ili nisipate doa jingine? Na je, ataweza kutumia altrasaundi aone dawa inaingia ndani ya njia ya kano na si juu yake? Mama atanisindikiza, ameshaandaa barafu ya usiku. Wateja nao nimewaambia: wiki mbili hizi napokea vifungo, zipu na pindo tu. Jinzi zitangoja.